Mwanao anapofuga dinosau sebuleni

  Leo nimeketi kwenye kiti cha mshtakiwa. Kisa ninachokuletea ni cha nyumbani kwangu, na mwenye makosa ndani yake ni mimi mwenyewe. Nilisita kukiandika. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na kwa kuwa mazungumzo yetu ya leo ni ya kuzaa na kulea, heri niseme.

Kifungua mimba wangu ni mvulana wa miaka 16. Tangu mjomba wake alipompa tarakilishi aliyokuwa akiitumia kazini, kijana huyu amekuwa mfugaji. Hafugi kuku wala sungura. Anafuga dinosau! Arudipo shuleni, hata viatu havijapoa, utamsikia mle sebuleni akilalamika kwamba majike wake wamekosa maji, au kwamba fensi ya upande wa magharibi imelegea. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza kwa heshima zote kama tumenunua shamba Kitengela.

Mchezo wenyewe, kwa faida ya mzazi ambaye hajawahi kuuona, huitwa Jurassic World Evolution. Waliouunda ni kampuni ya Frontier Developments ya mjini Cambridge, Uingereza. Toleo la kwanza lilitoka Juni 2018, la pili Novemba 2021, na la tatu tarehe 21 Oktoba 2025. Chimbuko lake ni ile filamu maarufu ya Steven Spielberg ya mwaka 1993, iliyotokana na riwaya ya Michael Crichton ya 1990. Huna bunduki ya kufyatulia watu humo. Wewe ni meneja wa mbuga. Unapewa ardhi na fedha kidogo, kisha unaambiwa: haya, wafufue wanyama waliotoweka, watunze, na uwavutie wageni walipe kiingilio.

Sasa, lile toleo la tatu ndilo lililoleta vita nyumbani. Bei yake ni ya kumfanya mzazi ashike kichwa. Kijana aliniomba, nikakataa. Akaomba tena, nikamwambia asinisumbue, karo haijalipwa. Akanyamaza. Majuma machache baadaye nikaingia sebuleni nikaona kwenye kioo dinosau mdogo akimfuata mamaye, jambo ambalo katika matoleo ya zamani sikuwahi kuliona. Nikajua mchezo mpya umeingia nyumbani. Na usiku ule ule, nilipofungua droo niliyokuwa nimeweka shilingi 8,000 za matumizi, nikakuta patupu.

Msomaji wangu, wewe ungefanyaje? Mimi sikuuliza. Nilihukumu. Nilimwamsha kijana saa nne za usiku, nikamwita mwizi mbele ya dadake mdogo, nikang'oa nyaya za tarakilishi na kuifungia kabatini. Kijana alijaribu kusema, “Baba, naomba nikueleze,” nami nikamwambia mwizi hana maelezo. Alirudi kitandani bila ya kutoa chozi, na hilo ndilo lililopaswa kunishtua.

Asubuhi mama watoto alirejea kutoka kazini, kwani juma hilo alikuwa zamu ya usiku. Alipoona nyuso zetu akauliza kulikoni. Nikamwambia. Akaniangalia kwa muda, kisha akasema, “Baba watoto, zile pesa nilizichukua mimi juzi nikalipia gesi na deni la dukani. Nilikutumia ujumbe.” Nikatazama simu. Ujumbe ulikuwapo. Na fedha za mchezo? Kijana alikuwa amezikusanya likizo nzima kwa kuwapigia chapa wanafunzi wa chuo kazi zao, ukurasa mmoja baada ya mwingine.

Niliirudisha tarakilishi mezani kwa mikono yangu. Kuomba msamaha nako kulinishinda siku ile. Sisi baba tuna ugonjwa wa kudhani kwamba neno “nisamehe” litatupunguzia kimo. Nikafanya nililoliweza: Jumamosi hiyo nilivuta kiti nikaketi karibu naye, nikamwambia, “Nionyeshe unavyofanya.” Nilidhani ningekaa dakika kumi. Tuliinuka jua likizama.

Nikueleze nilichojifunza, maana huenda nawe una mfugaji kama huyu na hujui akisema nini unapaswa kujibu nini.

Kwanza, dinosau hawapatikani vivi hivi. Lazima utume watafiti wakachimbe visukuku, yaani mifupa iliyogeuka mawe, na kutokana na visukuku hivyo utafute chembe za urithi za mnyama unayemtaka. Katika lile toleo la 2018 unahitaji angalau nusu ya chembe hizo kabla ya kujaribu kumwangua. Na ukijaribu kwa nusu tu, yai laweza kuharibika na fedha zako zikaenda na maji. Mwenye subira hungoja, akachimba zaidi. Mwenye pupa hulia. Katika toleo la pili watafiti wenyewe huchoka. Ukiwatumikisha bila ya kuwapumzisha, wanakasirika na kukuhujumu. Niliposikia hilo nikacheka, nikatamani waajiri fulani wa mjini wanunuliwe mchezo huu.

Pili, kumzaa mnyama si kazi. Kazi ni kumtunza. Kila aina ina mahitaji yake ya chakula, maji, miti, uwanda na wenzake. Wako wanaotaka kuishi kundi kubwa, na wako wasiotaka kuona mwingine. Ukimweka mla majani pamoja na mla nyama, asubuhi utahesabu mifupa. Kijana alinikiri kwamba mbuga yake ya kwanza iliangamia kwa sababu ya tamaa. Alikimbilia kumwangua Tyrannosaurus, yule jitu mwenye meno kama visu, ili wageni wafurike. Hakuwa ametenga fedha za umeme wa kutosha. Dhoruba ikapiga, stima ikapotea, fensi ikawa waya mtupu. Mnyama akatoka. Wageni wakakimbilia maficho, na wasiofika wakaliwa. Mbuga ikafilisika.

“Ukafanyaje?” nikamuuliza.

“Nikaanza upya, Baba. Safari hii nikaanza na wala majani.”

Hapo ndipo aliponionyesha daftari. La hesabu, lile la miraba, nililomnunulia mwanzoni mwa muhula! Nikawa tayari kukasirika tena, lakini nikajizuia. Ndani yake alikuwa ameandika mapato na matumizi ya kila mwezi wa mbuga, jina la kila mnyama, umri wake na ugonjwa uliompata. Mimi mwenyewe, mshahara wangu siuandikii daftari namna hiyo.

Tatu, na hili ndilo jambo jipya la toleo la tatu: dinosau wanazaana. Zamani walitoka kwenye mashine ya kuangulia wakiwa watu wazima tayari. Kitinda mimba wangu, msichana wa miaka saba, alikuwa akitazama mchezo wa kakake miaka hiyo na kila mara swali lake lilikuwa moja: “Mama yake yuko wapi?” Kakake hakuwa na jibu. Sasa analo. Toleo hili lina zaidi ya aina 80 za wanyama wa kale, na karibu zote zina dume, jike na mtoto. Wanataga kwenye viota, watoto wanaanguliwa, wanakua, na wanarithi sifa za wazazi wao. Meneja hashughulikii tena mnyama mmoja mmoja. Anashughulikia jamaa, kizazi baada ya kizazi. Akikosea kuchagua wazazi, makosa yanarithiwa. Akifanya pupa ya kujaza mbuga, nafasi inakwisha na ugomvi unaanza. Mzazi yeyote wa jijini aliyewahi kulea watoto watatu katika nyumba ya chumba kimoja anaelewa somo hilo bila ya kuonyeshwa kioo.

Tukiwa hapo, yule mdogo akaja akajibana katikati yetu. Alipomwona dinosau jike ameketi kwenye kiota, akauliza kama anaiba mayai. Kakake akamjibu kwa sauti ya upole, bila ya kunitazama. Nitakusimulia alivyosema, kwa sababu ni kisa cha kweli.

Mwaka 1923, watafiti wa Kimarekani waliokuwa jangwani Mongolia walichimbua mifupa ya dinosau mdogo juu ya kiota cha mayai. Wakaamua kwamba mayai yale ni ya aina nyingine, na kwamba huyu alifumaniwa akiyaiba. Mwaka uliofuata akapewa jina la kitaalamu: Oviraptor, maana yake mwizi wa mayai. Ikapita miaka takriban sabini. Katika miaka ya 1990, jangwani huko huko, likapatikana yai la namna ile ile likiwa na kiinitete ndani yake. Kilikuwa cha jamaa ya huyo huyo “mwizi”! Kisha ikapatikana mifupa ya wenzake waliokufa wakiwa wameketi juu ya viota, mikono wameitandaza kuyafunika mayai kama kuku anayeatamia. Hakuwa mwizi. Alikuwa mzazi. Lakini sheria za kutaja majina ya wanyama hazibadilishwi kwa kuhurumia, kwa hiyo hadi leo anaitwa mwizi.

“Maskini,” akasema mdogo. “Na hakuna aliyemwomba msamaha?”

Sebule ikawa kimya. Kijana aliendelea kutazama kioo. Nami, mpenzi msomaji, koo lilinikauka. Nikasema, “Mwanangu, usiku ule nilikukosea. Nilikuita jina lisilo lako. Nisamehe.” Akasema, “Haina neno, Baba.” Kisha akaniuliza kama ningependa kuchagua mahali pa kuchimba bwawa. Kimo changu, nilipojipima, hakikuwa kimepungua.

Lakini nisikuache ukidhani kwamba kila kilichomo katika mchezo ni kweli. Watoto wanapaswa kuambiwa wapi hadithi inaishia. Ile habari ya kutoa damu ya dinosau kwenye mbu aliyenaswa ndani ya utomvu mgumu ni tamu, lakini haiwezekani. Chembe za urithi huoza. Watafiti waliopima mifupa ya moa, ndege wakubwa waliotoweka New Zealand, walichapisha mwaka 2012 kwamba katika mifupa ile nusu ya viungo vya chembe hizo huvunjika kila baada ya miaka 521. Penye barafu huhifadhika zaidi. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba zilipatikana Greenland chembe za urithi zenye umri wa takriban miaka milioni 2. Hiyo ilikuwa rekodi. Dinosau wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Piga hesabu mwenyewe. Hata Velociraptor, anayeonekana mkubwa kama mtu kwenye filamu, kwa kweli alikuwa na kimo cha bata mzinga na alikuwa na manyoya. Dinosau pekee walio hai ni ndege. Ukichinja kuku wa Krismasi, umemla jamaa ya Tyrannosaurus.

Jambo jingine ambalo nilitaka wanangu walijue ni kwamba dinosau si mali ya Marekani pekee. Katika mchezo yumo Kentrosaurus, mla majani mwenye miiba mirefu mgongoni na mkiani. Kijana alikuwa akimfuga bila ya kujua kwao. Kwao ni Tendaguru, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania! Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, mamia ya Waafrika walichimba kilima hicho chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Wachukuzi wakabeba mifupa hiyo mabegani na vichwani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, nayo ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 200. Huko Berlin imesimamishwa mifupa ya Giraffatitan, mwenye shingo ndefu, kimo chake zaidi ya mita 13, na watu husafiri kutoka mbali kumtazama. Mjukuu wa mchukuzi aliyembeba labda hajawahi kumwona. Hilo nalo mwambie mwanao anapomwangua Kentrosaurus kwa kubofya kitufe.

Na kuna jambo lililo karibu zaidi, hapa hapa kwetu. Nilimuuliza kijana, “Je, kama mnyama wa mwisho wa kiume akifa katika mchezo, unafanyaje?” Akasema anarudi maabara anaangua mwingine. Nikamwambia habari za Sudan.

Sudan alikuwa faru mweupe wa kaskazini, dume la mwisho duniani. Aliishi Ol Pejeta, kaunti ya Laikipia, alikoletwa Desemba 2009 kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki, pamoja na wenzake watatu. Alikufa tarehe 19 Machi 2018, akiwa na miaka 45. Wakasalia majike wawili, Najin na bintiye Fatu, na hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba. Tangu 2019 wataalamu wamekuwa wakitoa mayai ya Fatu, kuyatungisha kwa mbegu za madume zilizogandishwa, na kutengeneza viinitete ili vibebwe na faru wa kusini. Ili kuipima njia hiyo, walianza kwa kupandikiza kiinitete cha faru wa kusini. Januari 2024 ikatangazwa kwamba mimba ilishika. Lakini mama huyo mlezi alikuwa ameshakufa kwa maambukizi ya bakteria, mimba ikiwa ya siku 70 tu. Mimba ya faru ni ya takriban miezi 16. Huko hakuna kitufe cha kuanza upya.

Kijana alinyamaza. Kisha akauliza swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: “Baba, kwa nini tulingoja mpaka akabaki mmoja?” Sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa lile la kweli. Watu waliitamani pembe, na wengine tulitazama pembeni.

Basi mzazi mwenzangu, nakushauri nini? Sisemi umwache mtoto akeshe kwenye kioo. Macho ni mawili na mitihani haingoji. Nyumbani kwetu tumeandikiana mkataba, ukabandikwa kwenye friji. Siku za shule, hakuna dinosau. Ijumaa jioni saa mbili, Jumamosi saa tatu, baada ya kazi za nyumbani. Na kila mwezi kijana ananiletea lile daftari, tunalisoma pamoja, na mimi namwonyesha langu la matumizi ya nyumba. Ndiyo, nimeanza kuandika langu. Aibu ilinisukuma.

Matokeo? Nisikudanganye kwamba amekuwa wa kwanza darasani. Ripoti ya muhula imekuja: bayolojia imepanda, kemia bado inachechemea, na mwalimu ameandika kwamba anaongea sana. Mkataba nao umevunjwa mara mbili, na mara moja aliyeuvunja ni mimi, kwa kuwa Tyrannosaurus alikuwa anaumwa na hatukuweza kumwacha. Lakini sasa kijana akiwa na jambo ananiita, hata la nje ya mchezo. Juzi alinieleza habari za rafiki yake aliyeanza kuvuta bangi. Najua kwamba asingeniambia hayo kama angekuwa bado ananiona hakimu wa saa nne za usiku.

Kwa hiyo leo, baada ya chakula cha mchana, vuta kiti. Muulize mwanao, “Nionyeshe unavyofanya.” Uliza kabla ya kuhukumu, na usome ujumbe kwenye simu yako kabla ya kufungua droo. Na kama kuna jina ulilompa mtoto kwa hasira, bado una nafasi ya kulibadilisha. Maskini Oviraptor hakuipata.

Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo. Kwaheri ya kuonana.